Mume Wangu Alifunga Mnada, Kisha Akanunua Ng'ombe

"Hawa ng'ombe si wangu, dada. Ni wa bosi. Afisa Mwandu."

Jamani... Mwandu ni mume wangu!

Nilichungulia zizini. Ndani mlikuwa na majike manne ya baba yangu.

Naitwa Kabula, naishi Kakese. Mwandu ni afisa mifugo. Mwezi uliopita alitangaza karantini:

"Kuna homa ya mapafu! Mnada umefungwa. Hakuna kuuza wala kuhamisha ng'ombe!"

Wakati huo mama alikuwa amelazwa Mpanda, anasubiri upasuaji. Baba angefanyaje? Akamuuzia kimyakimya Silvester, mfanyabiashara mwenye lori, kwa bei ya kutupa.

Mimi nilikwenda kwa Silvester kumwomba anirudishie hata mmoja. Ndipo nikakutana na hayo.

Jioni nikamuuliza Mwandu.

"Kwa hiyo karantini ni uongo?"

Hata hakushtuka. Alikuwa anakula.

"Watu walikuwa na shida, nikawasaidia."

"Na baba yangu?"

"Si alipata hela ya hospitali?"

Nyie... nilichoka. Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka kwa mkuu wake, nikasema yote.

Wataalamu wakaja kupima. Nikasimama pale nikingoja waseme ugonjwa haupo, watu wafunguliwe mnada wao.

Daktari akavua glavu.

"Mama, ugonjwa upo. Mumeo alitangaza kweli."

"Kweli?!"

"Kweli kabisa. Ila lori la kumnunulia ng'ombe limebeba wagonjwa na wazima pamoja, likapita nao kila kijiji. Yeye ndiye kausambaza."

Ng'ombe wote wa zizi lile walichinjwa. Mwandu kasimamishwa kazi. Wale wachache waliobaki kwa baba wanakohoa sasa, kwa sababu lori lilipaki pale pale mlangoni kwake.

Mama alipona, namshukuru Mungu.

Ndugu zangu, ukipewa kazi ya kulinda mali ya watu, usiwe mnunuzi wake. Siku utakaposema kweli, nani atakuamini?

Juzi amekuja afisa mpya, binti mpole anaitwa Providence. Ametangaza chanjo, bure kabisa. Amekaa uwanjani na boksi lake la barafu tangu asubuhi.

Hakuna aliyeleta hata ndama.

Mzee mmoja alipita na baiskeli, akasimama, akamuuliza:

"Na wewe lori lako liko wapi?"