Sauti ya Kuazima

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku aliichukua simu ya mama yake juu ya cherehani na kuketi kibarazani kufanya kazi ya Kiswahili. Mwalimu wao wa kidato cha kwanza hakutegemea chaki peke yake. Aliwachagulia hadithi kwenye maktaba ya mtandaoni, kila mwanafunzi akasoma ukurasa mmoja kwa sauti, akajirekodi na kumtumia. Kesho yake mwalimu aliwajibu, naye kwa sauti: hapa umekimbia, hapa vuta pumzi, hapa mhusika ana hasira nawe unasoma kama unayetangaza bei ya nyanya.

Chiriku alipewa jina hilo kwa domo lake, maana kwa soga hakuwa na mpinzani darasa zima. Lakini mpe ukurasa asome mbele za watu, basi, ulimi unakuwa mzito. Alikwama, akarudia, akakwama tena. Kwa kuogopa kuchekwa, alimbembeleza dada yake amsomee. Sauti zao zilifanana kiasi kwamba hata mama yao, wakimpigia simu, aliuliza kwanza anaongea na nani. Dada alikataa, akabembelezwa, akakubali. Sifa zikawa zinamiminika, na Chiriku akazipokea bila haya.

Siku za mwizi ni arobaini. Mwalimu alitangaza kwamba Ijumaa wangeshindana kusoma na shule ya mji mwingine kwa njia ya video, na msomaji wao angekuwa Chiriku. Wenzake walipiga makofi. Yeye hakupiga. Angeaibika yeye, na darasa zima lingeaibika naye.

Jioni alimkimbilia dada yake kumwomba shauri.

"Mdogo wangu," dada alimwambia, "sauti nilikuazima. Uso siwezi kukuazima."

Usingizi ulimpaa. Asubuhi alikwenda chumba cha walimu, akasimama kando ya meza ya mwalimu wake na kusema yote, bila kumtupia dada yake lawama. Mwalimu alisema alama zote alizopata kwa sauti ya dada zimefutwa na kurasa zote zitasomwa upya. Kisha akamuuliza kama amewahi kujisikiliza akisoma. Chiriku akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mwalimu akasema. "Soma, tusikie huo ugonjwa. Alhamisi nitaamua kama unafaa kutuwakilisha."

Akajirekodi kwa simu ya mwalimu, wakasikiliza pamoja. Loo, kumbe hakuwa na ulimi mzito hata kidogo! Alikuwa na haraka. Alizikimbilia nukta ili amalize aibu upesi, akayameza maneno njiani. Tangu hapo aliisoma hadithi ya mashindano, akajisikiliza, akafuta, akasoma tena, hadi mama yake akaishika hadithi ile kwa moyo huku anashona. Alhamisi mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kesho awahi.

Ijumaa, wapinzani wao walionekana wakubwa wakubwa kwenye ukuta wa ukumbi wa shule, na msomaji wao alisoma vizuri kwelikweli. Zamu ya Chiriku ilipofika, alikwama sentensi ya pili. Minong'ono ikaanza nyuma. Hakukimbia. Alivuta pumzi, akairudia sentensi taratibu, akaendelea. Mhusika alipokasirika, ukumbi ulitulia. Alipofanya kituko, wanafunzi wa upande wa pili walicheka mpaka mmoja akatoweka kwenye picha, ameanguka kutoka kitini. Waamuzi hawakubishana sana: Chiriku alikuwa mshindi.

Mama yake, aliyekuja na futi ya kupimia nguo shingoni, alilia kwa furaha. Mwalimu akawageukia wanafunzi wote.

"Simu ni kioo," akawaambia. "Ukijitazama mwenyewe, utaliona doa na kulifuta. Ukimsimamisha mwenzako ajitazame badala yako, doa lako liko palepale. Huyu leo amejitazama."

Wakambeba Chiriku juujuu hadi uwanjani wakiimba, hata mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kulikoni. Alipoambiwa, alipachika kalamu yake mfukoni na kuuitikia wimbo.