Karatasi Tatu Chini ya Mguu wa Meza

"Na yule binti wa ndani naye ni daktari?" mwenye paka aliuliza.

"Yule?" Daktari alicheka bila kuinua macho kwenye simu yake. "Yule tunamwita Marudio. Mtihani wa leseni umemtema mara tatu. Usihofu, mzee wangu, kazi yake ni kushika mnyama tu. Anayetibu ni mimi."

Pazia tu ndilo lililowatenganisha. Upande wa pili Marudio alisikia kila neno, lakini hakuinua kichwa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinafunga uzi wa mwisho kwenye tumbo la yule paka. Daktari hakuwa ameingia humo tangu asubuhi. Leseni yake ilining'inia ukutani katika fremu ya dhahabu, picha yake ilijaa mlango mzima, ila akiona damu mikono ilimtetemeka kama mwenye homa. Kwa miaka mitatu Marudio alipasua, akashona, akapiga deki. Daktari alikaa mbele, akapiga soga na wateja, akatia sahihi.

Zahanati ile ya mifugo ilikuwa na kanuni moja, na Daktari aliitunga mwenyewe: "Wewe mikono, mimi mdomo." Marudio hakuruhusiwa kusema na mteja hata neno.

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa mchumba wake.

Mzee alipoondoka na paka wake, Marudio alitoka akifuta mikono.

"Usajili wa mtihani unafungwa Ijumaa," alisema. "Naomba ruhusa nikajiandikishe."

"Mara ya nne?"

"Ya nne."

"Na ya tano hakuna. Ukianguka hapo, leseni utaisikia redioni."

"Ndiyo maana nataka kujua nakosea wapi. Wa kuandika nafaulu kila mwaka. Naangushwa kwenye vitendo, na kati ya vituo vyote tunavyopimwa sijui ni kipi."

"Baraza la madaktari wa mifugo halimwambii mtu. Wamekuona hufai, basi." Daktari aliweka simu chini, akajinyoosha kitini. "Sikiliza. Jumamosi namleta shangazi kwenu, tupange tarehe ya ndoa. Nina sharti moja. Mtihani uishe. Nyumba moja, daktari mmoja anatosha."

"Na mimi niwe nani?"

"Uwe mke wangu, uendelee kunisaidia. Kuna wangapi wanaoitafuta bahati hiyo? Una miaka thelathini na moja, Marudio. Maziwa yakikaa sana hayawi mtindi, yanaoza."

"Nimekusikia, Daktari."

Hata wakiwa wawili alitaka aitwe Daktari. Majina ya mapenzi, alisema, yanamshushia hadhi.

Jioni hiyo Marudio alipita kununua gunia la chakula cha ng'ombe wa mama yake. Muuzaji alikuwa mwanamume mrefu, nywele zimejaa vumbi la pumba, na watu walimwita Mashudu kwa sababu ya mashudu ya alizeti aliyouza. Yeye peke yake mjini ndiye aliyemwita Marudio kwa jina la kazi aliyoisomea.

"Dokta, leo uso umefungwa kama gunia."

"Ijumaa ndiyo mwisho wa usajili. Na Jumamosi tunapanga tarehe ya ndoa, kwa sharti nisijiandikishe."

Mashudu aliacha kupima. "Ulianguka kituo gani?"

"Baraza halisemi."

"Mimi niliangushwa mara mbili mtihani wa kuendesha gari. Wale jamaa hawana huruma hata na mama zao, lakini waliniandikia kosa langu: 'Haangalii kioo.' Iweje Baraza la madaktari liwe bubu? Umewauliza?"

"Daktari aliniambia..."

"Sikuuliza Daktari kasema nini. Nimeuliza, umewauliza?"

Hakuwa ameuliza. Miaka mitatu, msomi mzima, hakuwa ameuliza. Alipiga simu palepale, amesimama kati ya magunia.

"Namba ya mtahiniwa?" karani wa Baraza alisema, kisha akatafuta. "Dada, karatasi zako za alama tumekutumia mara tatu."

"Sijapata hata moja. Na wenzangu niliosoma nao hawajawahi kuzitaja."

"Wenzako walifaulu. Karatasi hutumiwa anayeshindwa, aone pa kurekebisha. Zako zilikwenda sanduku la posta uliloandika kwenye fomu. La zahanati."

"Nisomee basi."

"Kwa simu haturuhusiwi. Muulize anayefungua hilo sanduku. Ni karatasi ngumu, za kijani, huwezi kuzipoteza."

"Za kijani?"

"Kijani cha mchicha, dada."

Marudio alikata simu, akaelekea mlangoni.

"Gunia lako, Dokta," Mashudu alisema.

"Niwekee."

Meza ya upasuaji ya zahanati ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Mwaka wa kwanza iliyumba, na Daktari akakunja karatasi akaisukuma chini yake. Mwaka wa pili ikayumba tena, akaongeza. Mwaka huu, tena. Kila jioni Marudio alipiga deki akizunguka kile kikaratasi kinene cha kijani. Tena mara ya kwanza alimshukuru Daktari, akaamini kwamba anamjali.

Ufunguo alikuwa nao. Aliingia, akainua meza kwa bega, akavuta. Karatasi zilikuwa tatu. Alizisoma akiwa amekaa sakafuni, kisha akazisoma tena. Hakulia. Alikunja boksi tupu la glavu, akaliweka chini ya mguu ule, maana wanyama wa kesho hawakuwa na kosa.

Ijumaa asubuhi alijiandikisha. Akamtumia Daktari ujumbe: "Leo siji kazini. Njooni kesho kama mlivyopanga."

Daktari akajibu: "Safi. Umekua sasa. Vaa vizuri."

Jumamosi shangazi wa Daktari alikaa kwenye kochi la mama yake Marudio kama mtu aliyeletewa malalamiko.

"Dada, tusizungushe maneno," alisema. "Kijana wetu amekuja kumsitiri binti yenu. Mtu aliyeanguka mara tatu, wengine wangekimbia."

"Tunashukuru," mama alijibu kwa sauti ndogo. Wiki nzima alikuwa amemwambia mwanawe asichezee bahati.

"Mama, mimi siangalii vyeti," Daktari akaongeza. "Naangalia moyo."

"Mama," Marudio alisema, "vaa miwani. Nisomee hizi kwa sauti."

Akaweka karatasi tatu za kijani mezani. Katikati ya kila moja palikuwa na duara iliyobonyea, alama ya mguu wa meza. Mama yake alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini, na alisoma kama anayesahihisha daftari.

"'Kituo cha nne, mazungumzo na mwenye mnyama. Alama mbili kati ya ishirini. Mtahiniwa ana mikono bora kuliko wote wa kundi lake. Hakumuuliza mwenye mnyama swali hata moja.'" Akafungua ya pili. "Maneno ni yaleyale." Akafungua ya tatu, akasoma polepole zaidi. "'Tunarudia kumshauri. Kosa hili linaondoka kwa mazoezi ya wiki chache.'"

Alivua miwani. "Barua hizi zilikuwa wapi?"

"Chini ya meza ninayopasulia," Marudio alisema. "Aliziweka huyu."

"Zilikuja kwenye sanduku langu," Daktari alisema.

"Jina la nani hili hapa juu?" mama aliuliza.

"Nilizificha asiumie. Nilimpenda."

"Ungezichoma basi," Marudio alisema. "Lakini hukuona haja hata ya kiberiti. Ulizikanyagisha meza, nikasimama hapohapo miaka mitatu nikifanya kazi usiyoiweza. Ulinifunga mdomo, mdomo ukaniangusha, kisha ukanicheka mbele ya watu."

"Nisiyoiweza? Mimi nina leseni."

"Unayo, na fremu yake nzuri. Mpasue paka mmoja mbele ya shangazi, nami nitakuomba radhi."

Shangazi aligeuka akaitazama mikono ya mpwa wake. Ilikuwa juu ya magoti, na ilikuwa imeanza.

"Baba," alimwambia, "ni kweli?"

Daktari aliificha mikono kwapani.

"Dada, wewe chai yako ipo," mama alimwambia shangazi. "Huyu kijana mlango anaujua."

Mlangoni Daktari aligeuka. "Utaanguka ya nne, uje kwangu unatambaa. Mwishowe utaolewa na muuza pumba."

"Muuza pumba hajawahi kunificha barua," Marudio alisema. "Toa kiatu chako kwenye mkeka wa mama."

Zikabaki wiki sita kabla ya mtihani. Asubuhi alisoma, na mchana alikwenda dukani kwa Mashudu, ambako Mashudu aliigiza wenye mifugo, mmoja baada ya mwingine.

"Leo mimi ni tajiri mwenye mbwa," alisema, akitunisha kifua. "Sina muda. Mbwa anaharisha, mpige sindano niondoke."

"Tangu lini anaharisha, bosi?"

"Muulize mfanyakazi. Mimi hushughulika na mambo makubwa."

"Anakula nini?"

"Nyama safi."

"Asante. Basi nianze kumpima..."

"Umeanguka," Mashudu alisema. "Umemwamini. Dokta, swali la kwanza mtu hujibu uongo. Nauza chakula, nawajua. Nikiuliza kuku amekula nini, ananiambia pumba tu. Nikiuliza jana nyumbani kulikuwa na wageni, hapo ndipo wali wa juzi unapotajwa. Uliza tena, kwa mlango mwingine."

"Bosi, kwako jana kulikuwa na sherehe?"

"Aa. Sasa unazungumza."

Kulikuwa na siku Marudio alichoka, akatupa daftari juu ya magunia. "Mkono wangu unatangulia wenyewe. Nikiona mnyama nasahau kuna mtu."

"Basi kaa kwanza. Mtu aliyekaa hawezi kurukia mbuzi."

Wiki ya tano Mashudu alikuja na uso ambao hakuwa ameuigiza bado.

"Leo mgonjwa ni mwenye mnyama mwenyewe," alisema.

Marudio alimtazama. Akavuta kiti, akakaa. "Ilianza lini?"

"Miaka mitatu. Uliponunua gunia la kwanza ukasema asante."

"Unakula?"

"Nakula vizuri sana."

"Unalala?"

"Kama gogo."

"Basi hufi. Ngoja nipite mtihani."

"Nimengoja miaka mitatu, Dokta. Wiki moja ni ya kutafuna karanga."

Siku ya mtihani, kituo cha nne, kulikuwa na mama mmoja, mbuzi aliyevimba tumbo, na msahihishaji kwenye kona na kalamu yake. Mkono wa Marudio uliinuka kumwelekea mbuzi. Akauona. Akaurudisha, akavuta kiti, akakaa.

"Shikamoo, mama. Pole na mgonjwa. Ameanza lini kuwa hivi?"

"Marahaba. Tangu alfajiri."

"Jana alikula nini?"

"Majani tu, mwanangu. Majani kama siku zote."

Marudio aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. "Usiku analala wapi?"

"Jikoni, kuna baridi."

"Na humo jikoni mnaweka nini?"

Yule mama alimtupia jicho msahihishaji, kisha akatabasamu kidogo. "Gunia la mahindi. Leo tumelikuta limetoboka."

"Sasa niruhusu nimshike," Marudio alisema.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya siku kumi. "Mtahiniwa namba 0417: UMEFAULU." Mama yake aliusoma ujumbe mara nne, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nakusihi uolewe na yule mtu." Ndiyo radhi pekee aliyoomba, na ilitosha.

Marudio alifungua zahanati katika chumba kilichopakana na duka la Mashudu. Leseni aliibandika ukutani kwa gundi, bila fremu. Posa ya Mashudu ilikwishapokewa, tarehe ikapangwa, na sharti halikuwekwa hata moja. Kule kwa Daktari wateja walianza kuambiwa "njoo kesho", wakija kesho wanaambiwa "njoo wiki ijayo".

Kisha siku moja mchana simu ikaita.

"Marudio," Daktari alisema, pumzi zinapishana. "Nina mbwa mezani. Anazaa, mtoto amekwama. Njoo upesi."

"Umekosea namba. Hapa hakuna Marudio."

Nyuma ya Daktari mbwa alilia.

"Dokta," alisema, na neno likatoka kama mwiba wa samaki. "Tafadhali."

"Uchungu ulianza lini?"

"Sijui."

"Mwenyewe yupo hapo. Hukumuuliza? Si wewe ndiye mdomo?" Hakungoja jibu. "Mpe mbwa wake amlete sasa hivi. Wewe baki na fremu yako."

Dakika kumi baadaye mzee mmoja aliingia na mbwa mikononi, shati limelowa jasho. Alikuwa yule mwenye paka. Alimtazama Marudio, akaitazama leseni ukutani.

"Kumbe daktari ni wewe."

"Ni mimi, mzee wangu. Kaa hapo. Uchungu ulianza lini?"

Mashudu alikuwa amekwishakung'uta pumba, amenawa hadi kwenye viwiko, na amemlaza mbwa juu ya meza isiyoyumba.

"Haya, Dokta," alisema. "Mimi mikono, wewe mdomo."

"Wewe shika tu," alimjibu, akivaa glavu. "Mikono na mdomo, vyote vyangu."