Pumzi Ndani ya Bomba

Fundi bomba wa mtaa wetu huitwa Mjomba hata na waliomzidi umri. Asubuhi hiyo alikwenda kwa dada yake, aliyejifungua wiki moja tu nyuma, kwa hiyo sasa alikuwa mjomba kwelikweli. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa koki ile ya jikoni kibaba kingejaa mwakani, na kichanga kilitaka kuogeshwa.

"Kaka, maji yenyewe yanadondoka kwa kusuasua," dada alilalamika.

"Yatakimbia leo. Nenda kampumzishe mpwa wangu."

Alifunga koki kuu ya nje, akaing'oa ile ya jikoni, akachomoa kichujio. Kilijaa mchanga na magamba ya kutu. Akakisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka kikang'aa. Hata hivyo, bomba la ukutani lenyewe lilikuwa limeziba. Wenzake hutumia pampu. Yeye, mbishi wa kuzaliwa, husema mapafu hayahitaji umeme. Akabana midomo kwenye bomba, akavuta.

Kitu kikasogea. Akavuta tena.

Ikaja hewa ya vuguvugu. Haikunuka kutu. Ilinuka maziwa ya mama. Mjomba alishangaa, lakini kazi ni kazi, akavuta mara ya tatu.

"Kaka." Sauti ya dada ilitoka chumbani, ndogo mno. "Mtoto hapumui."

Alikimbia. Mpwa wake alilala chali, midomo imekuwa ya buluu, kifua kimetulia tuli. Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta uleule wa jikoni. Ndani ya ukuta, bomba lilikuwa likikoroma polepole.

Mjomba hakuwahi kuamini uchawi. Siku hiyo aliamini. Alijua alichokivuta, na alijua kilipo: kilikuwa kifuani mwake.

Akarudi jikoni. Akabana midomo. Akapuliza.

Kimya.

"Bado," dada aliita kutoka chumbani.

Akapuliza tena. Upande wa pili kitu kikakataa. Kilikuwa kinasukuma. Machozi yakamtoka. Masikio yakavuma. Akapuliza mpaka macho yakaingia giza.

Bomba likaachia.

Mtoto akalia.

Dada akamkumbatia, akaja naye jikoni, akaketi sakafuni, akalia naye. Mjomba akarudishia koki haraka, hata hakukumbuka kuzungushia tepi nyeupe ya kuzuia kuvuja. Alipofungua koki kuu, maji yalitoka kwa kasi mpaka yakaruka nje ya sinki. Pale penye maungio hapakuvuja hata tone. Hakuna aliyetaka kuyagusa maji hayo.

Kisha mtoto akapiga miayo. Dada akaona kitu cheupe juu ya ulimi. Akakishika kwa vidole viwili, akavuta. Kikaja. Kikaendelea kuja.

Ilikuwa tepi ya mafundi, urefu wa mkono, bado ina alama za nyuzi za bomba, ile mikato ambamo koki hukazwa.

Mjomba akaukung'uta mfuko wake wa kazi. Tepi yake ilikuwemo, haijafunguliwa.