Upepo wa Kukisia

Mama Cherehani na mumewe waliishi ndani ya gari. Lilikuwa gari-nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, vyerehani viwili karibu na mlango. Walizunguka miji wakishona sare za shule. Bibi, mama mzazi wa mume, alisafiri nao.

Siku moja mume alipeleka gari kwa fundi wa matairi. Fundi alijaza upepo, akayapiga matairi teke, akasema yako sawa. Walipokuwa njiani mchana, tairi la nyuma likapasuka. Gari liliyumba, likasimama ukingoni mwa mtaro. Bibi alianguka, akavunjika mkono.

Mume alisema ni ajali tu, washukuru Mungu. Mkewe hakukubali.

"Ajali gani? Tangu lini teke likawa kipimo?"

Mama mmoja, dereva wa lori, alisimama kuwasaidia. Alifungua mlango wa dereva, akawaonyesha kibandiko cha kiasi cha upepo: mbele sitini na tano, nyuma themanini. Kisha akapima tairi la nyuma lililobaki. Geji yake ilisoma arobaini na tano.

"Na hili ni la moto," alisema. "Likipoa litasoma chini zaidi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata joto, hupasuka. Nyumba nzima imelikalia."

Kesho yake, Bibi akiwa amefungwa plasta, Mama Cherehani alirudi kwa fundi. Aliitazama geji kwenye mpira wa kompresa, mashine ya kujazia upepo. Mshale ulikuwa kwenye themanini, ingawa mpira haukuunganishwa na tairi lolote. Alimwuliza kulikoni. Fundi akajibu bila aibu kwamba ilikufa mwaka jana.

"Mimi najua kwa mkono, dada."

"Mkono wako unajua, fundi. Wa mama mkwe wangu umevunjika."

Madereva waliokuwa kwenye foleni waligeukia ile geji. Kisha mmoja akawasha gari akaondoka. Wa pili akamfuata.

Dereva wa lori alikuwa amewashauri wawe na kompresa yao, yenye nguvu ya kupita themanini, kwa kuwa zile ndogo za magari madogo huungua kabla ya kufika hapo. Walinunua, pamoja na geji. Sasa hupima kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Hujaza kidogo kidogo mpaka namba ya kibandiko, wamesimama pembeni, si mbele ya tairi. Hupima tena, wala hawapiti namba ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe.

Asubuhi moja mume alikuwa na haraka. Alisema matairi yanaonekana yamejaa, waondoke. Mkewe alikuwa bado anakunja sare. Bibi, mkono wake umeshapona, aliteremka na kiti chake, akakiweka nje, akakaa.

Mume alichukua geji. Nyuma kushoto ilisoma sabini na moja. Alivuta mpira wa kompresa, akaanza kujaza, na Bibi akamtazama mpaka mwisho.