Futikamba Shingoni

Ukitaka kumpata Mama Pacha, fuata mlio wa cherehani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa nyuma ya maduka, mwisho wa kichochoro. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia, pasi na vitambaa vya kila rangi. Shingoni alining'iniza futikamba yake ya kupimia, asubuhi hadi jioni. Hata sokoni alikwenda nayo. Mumewe, Baba Pacha, kinyozi kwenye maduka yaleyale na mwenye maneno mengi, alisema siku mkewe atakapoivua, yeye atampita njiani asimjue.

Mchana mmoja Mama Pacha alitoka kwenda kununua uzi. Kichochoroni kijana mmoja akamjia kwa nyuma. Akashika ncha mbili za futikamba, akavuta. Mama Pacha alishindwa kupumua, sembuse kupiga kelele. Kijana akampora simu, akakimbia, lakini alipogeuka Mama Pacha aliuona uso wake.

Waliripoti polisi. Alama ya shingoni ilipona upesi, lakini hofu haikupona. Kila aliposikia hatua za mtu nje, mguu uliruka kutoka kwenye pedali. Akashona mkono wa kulia wa shati mahali pa mkono wa kushoto. Baba Pacha akamwomba afunge chumba, ashonee nyumbani. Mama Pacha alikataa. Chumba kile alikihangaikia miaka tisa, na alijua akikifunga hatakifungua tena. Mumewe akampa miezi mitatu; hofu isipoisha, afunge. Mama Pacha akatia mkasi kwenye mkoba, akajiona salama.

Aliyeugundua mkasi huo alikuwa jirani yao, mlinzi wa ghala, mama wa makamo mwenye mabega mapana. Watoto walimwita Bibi Mkeka, kwa kuwa kila Jumamosi alibeba mikeka ya mazoezi kwenda ukumbi wa shule. Huko alifundisha watu kujilinda, akichanganya judo, karate na mieleka ya jadi aliyoachiwa na babu yake. Siku hiyo alileta suruali ya kazi ipunguzwe.

"Mkasi huo wa nini mkobani, jirani?"

"Wa kujilinda."

Bibi Mkeka akampa rula ya mbao. "Haya, huu ndio mkasi wako. Nichome."

Mama Pacha akasita, kisha akainua mkono. Kufumba na kufumbua, rula ilikuwa kwa Bibi Mkeka, ncha yake ikimgusa Mama Pacha tumboni.

"Umeona? Silaha usiyoijua unambebea adui. Na hiyo kamba shingoni? Hata mbuzi hajifungi mwenyewe, dada yangu."

Mama Pacha alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi akaenda ukumbini. Baba Pacha alimfuata, eti kumlinda. Bibi Mkeka alieleza kwamba kujilinda hakuanzi na ngumi. Kwanza tazama nani yuko nyuma yako. Mtu akikusogelea, mwambie kwa sauti arudi nyuma. Akitaka simu tu, mpe, maana simu hununuliwa, roho hainunuliwi. Ukikosa njia kabisa, pambana upate nafasi ya kukimbilia kwenye watu.

"Akikushika mkono, usishindane na nguvu zake," alisema. "Tafuta dole gumba lake, uchomoe mkono upande huo. Hapo ndipo penye udhaifu."

Baba Pacha akajitolea kumshika mkewe. Mama Pacha akageuza mkono, akachomoa kwa nguvu. Mumewe akabaki na hewa mkononi, akakaa kitako kwenye mkeka. Alisema ameteleza. Siku hiyo aliteleza mara tatu.

Kilichomshinda Mama Pacha ni kupaza sauti. Alizoea kusema na wateja taratibu. Wiki kadhaa sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeuliza rangi ya vifungo. Alirudia na kurudia, mpaka sauti ikatoka kifuani.

Mwezi wa tatu wa muda aliopewa, kichochoroni, akasikia hatua. Aligeuka mapema. Alikuwa kijana yuleyule. Akamdaka mkono.

"Niache!"

Sauti ilifika barabarani. Mama Pacha akatafuta dole gumba, akachomoa mkono, akakimbilia madukani. Watu wakatoka. Wapakuzi wa saruji wakamzuia kijana, bila kumpiga, hadi polisi walipofika.

Baba Pacha alikuja mbio, mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake amebaki na nusu kichwa. Alimkuta mkewe kwenye benchi, analia.

"Amekuumiza?"

"Hapana. Nalia kwa sababu siogopi tena."

Baba Pacha akamwambia waende nyumbani akapumzike.

"Nenda kammalizie mteja wako," alisema Mama Pacha. "Mimi nina gauni la kumaliza."

Akarudi peke yake kichochoroni. Futikamba ilikuwa inamngoja kwenye msumari wa ukutani, alipokuwa akiitundika siku hizi kabla ya kutoka. Kule kinyozini, Baba Pacha alisimama mlangoni akisikiliza. Aliposikia cherehani inalia, alishusha pumzi, akarudi kwenye ile nusu ya kichwa iliyobaki.