Alama Chini ya Boti

Dishon hakuelewa ni kwa nini alama ile kwenye mashine ya kutafutia samaki haikubaki nyuma. Tangu asubuhi yeye na binamu yake Jared walikuwa wakizunguka kwa boti ziwani, nje ya Sindo, wakitafuta mwili wa Caleb, mdogo wake aliyezama juzi. Alitaka kumzika nyumbani, basi. Mama yao alikuwa amekataa hata uji mpaka mwanawe aletwe.

Mashine ya samaki haina uchawi wowote. Kichwa chake hufungwa chini ya boti, kikapeleka sauti, tik, tik, mpaka kwenye tope la ziwa. Sauti ikigonga kitu hurudi, nayo mashine hupima imekawia kiasi gani, ikachora alama kwenye kioo. Ukishampita samaki, alama yake husogea pembeni ikapotea. Alama hii ilikuwa mstari mnene usiokatika, mita kumi na mbili chini yao, na boti ilikuwa inatembea.

"Hiyo kitu inatufuata," Jared alinong'ona kutoka kwenye injini. "Omera, ndugu yangu, maiti haiogelei."

"Ni Caleb. Anataka kwenda nyumbani."

"Zima hiyo mashine, nakuomba. Ni sisi tunaiita."

"Nizime, halafu nimwambie mama nini?"

Jared alizima injini, akanyoosha mkono, akaizima mashine mwenyewe. Kioo kikawa cheusi. Lakini chini ya mbao, tik, tik, tik, sauti ile ile ikaendelea, safari hii ikipanda kutoka majini, na pamoja nayo ikaja harufu ya tope bichi na nyama iliyooza, nzito kiasi cha kumfanya Jared azibe pua kwa shati na kuanza kuomba kwa Kijaluo, haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Dishon hakutaka kusikia la mtu. Angesikia, maskini! Alitupa kulabu, ikashuka, ikanasa, na alipovuta akahisi uzito wa mtu mzima, akaangua kilio cha furaha, akavuta na kuvuta huku akimwita mdogo wake kwa jina, njoo Caleb, njoo twende kwa mama, mpaka viganja vikachubuka na kamba yenye damu ikajaa miguuni mwake.

Simu ya Jared ikalia. Aliiweka kwa sauti kubwa. Alikuwa Celestine, dada yao, aliyebaki ufuoni.

"Mwambie Dishon murudi. Tumempata Caleb. Alikwama kwa magugu huku kwetu, tumemfunika na shuka. Ni yeye, owadwa, ndugu yetu. Nimemshika mkono."

Dishon aliacha kuvuta. Ndani ya maji, kamba ikazidi kulegea, kwa sababu aliyekuwa chini alikuwa anapanda mwenyewe.