Malenga na Mioyo ya Ngamiani

Malenga hakuwa na kinywa, lakini Jumapili ile alasiri ukumbi mzima wa Ngamiani ulikuwa mkononi mwake. Jukwaani ulisimama mnara mwembamba wa shaba, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mwanamke wa makamo aliyeonewa vya kutosha na sasa anajibu. Kila mgeni alivishwa mlangoni bangili-moyo, iliyosoma mapigo yake na kuyapeleka kwa mashine hiyo. Malenga alitunga beti za taarabu papo hapo. Alirusha neno, akasikiliza mioyo. Neno lililoushtua moyo fulani alilifuata, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Darini, taa-fuasi ilimmulika yule ambaye moyo wake ulienda mbio kuliko wote.

Aliyembuni alikuwa Mhandisi Salha Kibwana. Alizaliwa papo hapo Tanga, lakini masomo yalimchukua mapema, Dodoma kisha Seoul, na taarabu aliijulia kwenye rekodi za zamani. Humo aliona jambo moja likijirudia: ubeti ukikolea, mwanamke huinuka, hucheza mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji noti huku akitabasamu. Basi akaifundisha mashine sheria: moyo ukienda mbio na mtu akatunza, ubeti umependwa, ongeza.

Leo kwenye kiti cha mbele alikaa Mishi, dada yake aliyemlea tangu mama yao afariki. Mume wa Mishi, Shebe, alikuwa fundi kwenye migodi ya mwezini. Kila aliyeuliza aliambiwa anarudi karibuni.

Malenga alianza na mapenzi. Akagusa umbali. Akagusa anga, na taa ikamwangukia Mishi.

*Wafukiza udi ndani, kitanda wakitandika,*
*Wamngoja wa angani, kumbe zamani kashuka.*

"Weee! Imempata huyo!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Shoga, Shebe si yuko mwezini?"

"Mwezi gani huo, wa Mwanza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mishi akainuka, akazungusha kiuno ndani ya dera lake la kijani, akatunza, akatabasamu. Malenga akaongeza. Mishi akatunza tena. Malenga akazidi, sasa akaimba na habari za mwanamke wa pili.

Kwenye chumba cha mitambo Salha alirukaruka. Kioo kilionyesha alama za furaha ambazo hakuwahi kuziona. Alishuka ngazi mbio kumkumbatia dada yake, akamkuta ukumbini hayupo. Alikuwa nyuma, penye sinki, anapangusa wanja uliochuruzika.

"Dada, umeona? Umeipenda kuliko watu wote!"

"Salha, mdogo wangu, hebu nyamaza kidogo."

"Kwani vipi?"

"Shebe kashuka mwaka jana. Anakaa Mwanza na mtu wake. Watu wananong'ona, lakini mimi nilikuwa sijamwambia yeyote, hata wewe."

Salha aliitazama bangili mkononi mwa dada yake. "Lakini ulicheza. Ulitunza."

"Ulitaka nikae? Nikikaa, si nimekiri? Mtu akipigwa kijembe anainuka, anacheka, anatunza, anarudi kukaa. Hata bibi alifanya hivyo. Mwimbaji anakutazama machoni, anajua imetosha, anamgeukia mwingine. Hilo dude lako kila nikilitunza linanifuata."

Salha akazikumbuka rekodi zile, wanawake wote wale waliotabasamu, na jinsi alivyowahesabu wote kuwa wana furaha. Akamkumbuka mama wa Jumapili iliyopita aliyetunza mpaka mkoba ukaisha. Salha alimpigia makofi. Uso ulimwaka kama aliyechapwa kofi hadharani.

"Ninamzima sasa hivi."

"Thubutu! Ukimzima, mtaa mzima utasema kazimiwa Mishi." Mishi akajitengeneza mtandio, akavuta pumzi. "Lazima nirudi. Soda yangu iko mezani, na mimi siyo wa kukimbia soda."

Akarudi ndani ameinua kichwa. Taa ikamdaka pale pale.

Salha alikwenda mlangoni. Akachukua bangili-moyo, kitu ambacho hakuwahi kukivaa yeye mwenyewe, akaifunga mkononi, akaingia ukumbini akiwa na aibu yake yote. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Taa ilisita juu ya Mishi, ikayumba, ikaja kumwangukia yeye.

Malenga akapapasa. Mapenzi: kimya. Mali: kimya. Ndugu: moyo ukaruka.

*Mkono ulokulisha, leo umeuunguza.*

"He! Ni mhandisi mwenyewe!"

"Kimemrudi kifaa chake! Haya mama, tunza basi, tukuone!"

Miguu ilitaka kucheza. Salha alijua kwamba hatua chache tu mpaka jukwaani na tabasamu moja vingemsitiri. Alijua pia mashine ingeandika nini: amependa. Akabaki amesimama, mikono chini, machozi yakimtiririka mbele ya watu wote, bila kutunza. Kicheko kikapungua meza baada ya meza. Malenga alirudia ubeti, akabadili sauti, akarudia tena, akitafuta sheria ambayo hakuna aliyempa.

Gizani, Mishi akaivuta soda yake, akanywa taratibu, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa akimtazama.